Mita Ishirini

Tumusifu, mtoto wa dada yangu, alinionyesha Nyiragongo
umelala ndani ya kompyuta,
umevishwa pete za rangi, nyekundu, bluu, manjano,
kama kitenge kilichochuja vibaya.
“Mama mdogo, kila pete ni karibu sentimita tatu.
Mlima unapumua. Chombo kinaona toka juu,
usiku, mawingu yakiwepo, moshi ukiwepo.”

Nikamuuliza bei.

Akacheka, kisha akahesabu kwa bidoni,
maana anajua nauza maji Majengo,
franka mia mbili, mia tatu bomba likikauka.
Alihesabu mpaka akaishiwa majina ya namba.
Ningeinywesha Goma yote, akasema,
na Sake, na kambi zote za njiani,
mpaka wajukuu wa wajukuu waote mvi.

Mimi sielewi anga. Najua mawe.
Nyumba yangu ya kwanza iko chini ya nyumba ya pili,
nayo iko chini ya hii ya mbao ninayolala sasa.
Nikichimba choo, sururu inaniuliza:
unatafuta nini, sebule?

Usiku ule wa Mei mlima ulifunguka bila hodi,
na chombo kilikuwa upande mwingine wa dunia
kinatazama barafu za watu.
Siku chache baadaye tukaamriwa kuhama.
Nilikitukana toka Goma hadi Sake,
kwa miguu, godoro kichwani.
Tumusifu akaniambia: kilichokutembeza ni hicho hicho unachokitukana.
Kimeona ufa ukitambaa chini ya mji,
chini ya soko, hadi ziwani.

Ufa haukutoka. Tulirudi, tumechoka, tuko hai.
Nani hulipia jambo ambalo halikutokea?
Nani hukata risiti yake?

Nasikia ndani yake mna mchanga wa Rubaya.
Basi ni ndugu huyo.
Ni yule kijana tuliyemchangia nauli
akaenda mbali, hatumi hata senti,
ila kila baada ya siku kumi na mbili anapita juu ya bati
na kuuliza: hamjambo huko chini?
Watu wa namna hiyo kila ukoo unao.
Tunawasema. Wakinyamaza, hatulali.

Lakini nilimwomba kitu kimoja.
Bulengo, nyuma ya migomba ya Habamungu, kuna shimo.
Asubuhi mazuku hulala humo
kama maji yasiyolowesha.
Yalimchukua mbuzi,
yakamchukua aliyemfuata mbuzi.
“Kionyeshe chombo chako shimo hilo,” nikasema.
Tumusifu akasogeza picha, akakuza, akakuza,
mpaka likabaki doa moja la kijivu.
“Doa moja ni mita ishirini,” akasema,
haraka yake yote imemwisha.
“Kilicho kidogo kuliko hapo, hakionekani.”

Kanyere wangu alikuwa na mita moja na kidogo.
Tulimpimia mlangoni. Alama ya makaa bado ipo.

Sasa kila Jumamosi naenda na kiberiti cha franka mia.
Nafunga njiti kwenye ncha ya mwanzi, nawasha, nashusha.
Ikizimika juu ya goti
nahamisha kijiti chenye kitambaa chekundu
hatua mbili nyuma.
Watoto wa pale wamekwisha kukijua kitambaa.
Hakuna aliyekuja kukipiga picha.

Sisemi wakiangushe. Kibaki.
Kipite, kiulize hamjambo, tukijibu.
Na bei yake waniandikie vizuri,
kwa bidoni, niisome mwenyewe.
Ila wakimaliza kulipa huko juu,
wakabakiwa na chenji mfukoni,
njiti zangu zimebaki saba.