Soksi Isiyo na Pacha

Jadwiga alipokufa aliniachia droo tatu za soksi
na moja iliyokomea kisiginoni,
sindano zimo bado, kama mtu aliyeitwa mlangoni
akasema, narudi sasa hivi.

Toka Aprili hadi Novemba sikuzigusa.
Nimeendesha tramu za Łódź miaka thelathini na moja;
najua kusimama kituoni
bila kufungua milango.

Kisha Kinga, binti wa ghorofa ya chini, akabisha hodi:
supu ipo, Bwana Wacław, mbebaji hakuna.
Kutoa ni moyo, husemwa.
Mimi nilianza na mikono
na jioni ndefu isiyo na kazi.

Chini ya daraja la reli nilitazama sufuria tu.
Nyuso ziliniogopesha.
Macho yalipochoka na mvuke yakashuka,
ndipo nikaona miguu:
mifuko ya plastiki ndani ya viatu, magazeti,
mmoja kajizungushia kipande cha pazia,
maua yake yangali yanasomeka.

Alhamisi iliyofuata nilivuta droo ya kwanza.

Kufikia Januari zote tatu zilinuka sabuni na utupu.
Ile moja nikaitia mfukoni mwa koti, sijui kwa nini.
Sindano zilinidunga ubavuni njia nzima.

Halszka, alalaye nyuma ya mashine ya tiketi,
aliivuta, akavua glavu kwa meno,
akapitisha kidole gumba juu ya kisigino.
“Nani huyu? Kakaza mno.
Alikuwa mtu wa wasiwasi.”

Nikacheka.
Miezi tisa sijacheka, na nikacheka pale,
mwiko mkononi, supu ikinidondokea kiatuni.
Maana kweli: mara mbili alikuwa akirudi ngazini
kuhakikisha jiko limezimwa.

“Nipe wiki,” akasema.
Wiki hiyo theluji ilianguka usiku na mchana,
nami nililala nikihesabu vidole vyake.

Akaileta imekwisha:
nusu bluu ya Jadwiga, nusu nyekundu,
na shingo yake Halszka iko wazi,
skafu imebaki upana wa kiganja.

Soksi moja. Tukatazamana. Ya nani sasa?

Zenon akagonga mkongojo sakafuni:
“Mnauliza nini? Miaka minane
kila nikipewa jozi natupa ya pili.
Lete hapa!”

Nilipiga goti nikamvisha.
Mguu ulikuwa baridi kama reli alfajiri,
halafu, polepole, haukuwa.

Halszka bado analala nyuma ya mashine.
Chumba alichoahidiwa kina foleni, na foleni ina foleni.
Sitasema mengine.
Ila nimenunua uzi wa kijani, alivyotaka,
na jana usiku, jikoni, nilianza mwenyewe.
Nimefika kisiginoni.
Hapo pananishinda.

Alhamisi nitamwuliza.