Mkondo Umekatika Wapi

Pijo ya baba haijawaka tangu arubaini yake.

Kwanza betri. Nawasha taa:
ukuta wa Mwakio wang'aa, nyufa zake zote.
Napiga honi, paka aruka toka paani.
Betri nzima. Nazungusha ufunguo,
starta yaitika, yazunguka, yazunguka,
kama mtu asemaye nakuja, nakuja,
na shuka bado kajifunika.

Narudi nyuma. Swali moja moja,
kama alivyonifunza: usibadilishe kitu
ambacho hujakijua kosa lake.
Injini ina haja tatu, akinambia,
mafuta, pumzi, moto.
Ikikosa moja usitukane chuma. Tafuta.

Mafuta. Navua mpira mdomoni mwa kabureta,
nauingiza kwenye chupa ya soda.
Famau azungusha: petroli yaruka,
rangi ya chai iliyolala. Imechuja, lakini ipo.

Pumzi. Ndani ya chujio nakuta mende wawili wakavu
na risiti ya gereji ya Shimanzi, wino umekwisha.
Mende nawapuliza. Risiti naitia mfukoni,
sijui kwa nini.

Basi moto.
Navua plagi, naivisha kofia yake,
nailaza juu ya chuma. Haya, Famau.
Nalikinga pengo kwa kiganja,
jua la Tudor lisije likanidanganya.
Giza.
Hata uzi mmoja wa buluu, hakuna.

Chumvi, nasema. Hewa ya mji huu
hula shaba kimyakimya.
Nasugua pointi kwa msasa,
pengo nalipima kwa kadi ya harusi ya Rukiya
(ndoa haikudumu, kadi ni imara).
Koili ya kuazima kwa Musyoka wa Makupa.
Kondensa mpya, shilingi mia sita.
Giza.
Siku ya pili giza. Ya tatu, Famau akaenda kucheza mpira.

Siku ya nne nachukua taa ya kupimia,
naufuata umeme kama anayefuata sisimizi.
Kwenye ufunguo upo.
Kwenye koili haupo.
Kati yake waya mwekundu,
waingia nyuma ya dashibodi mwekundu
na upande wa pili watoka mweusi.
Nalala chali, kichwa chini ya usukani,
nautazama.
Waya haujibadilishi rangi wenyewe.
Hapa kati pana mtu.

Mama katoka jikoni, unga wa mahamri vidoleni.
Mama, ambaye usukani hajaushika maishani,
miaka thelathini na mmoja kiti cha kushoto.
Akanambia, hebu sogea.
Akainama. Mkono wake ukaenda mahali,
bila macho, kama unaotafuta chumvi rafuni.
Tak.
"Zungusha."

Ikawaka. Moshi, kishindo,
Mwakio dirishani akipepea gazeti.

"Mama! Ulijua?"
"Mwaka ule walipoiba gari la Bwanakai,
babako aliweka swichi yake. Akanionyesha."
"Siku nne waniona nagaagaa chini!"
"Umeuliza betri, umeuliza plagi,
leo nimekuona wauliza waya.
Mimi, weye, uliniuliza lini?"

Akaingia kushoto kwake,
akaubamiza mlango mara mbili,
maana wa kwanza haushiki.
Hatukwenda popote. Tukakaa, tukitetema.
Vali moja yagonga, ya tatu nadhani,
nitaiangalia Jumamosi.
Akaweka kiganja juu ya dashibodi,
akakiacha hapo. Unga ukabaki, vidole vitano.

Halafu: "Zima sasa. Petroli si maji."

Nikazima. Mkono wake ukarudi palepale,
tak,
na safari hii niliona.

Famau aniuliza kila siku ni wapi.
Namwambia, anza na betri.