Nyuzi Tisini

Lugha yangu hainipi neno la mchezo huu
ila hilo moja, kuteleza,
lile lile la ulimi uliokosea,
la ngazi yenye sabuni,
la kijana aliyerudi kwao na aibu.
Ndiyo maana nilipompigia shangazi Mwatumu
kutoka wodini Inverness, nikamwambia
wamenishona kano ya goti niliyoikata nikiteleza,
akasema, pole mwanangu,
sakafu ya nani hiyo ilikuwa imelowa?
Nikacheka hadi mashine ya dripu ikalia.

Ulikuwa mlima, shangazi. Mlima mzima.
Januari, theluji nzito kama uji uliolala,
mguu wa kushoto ukakubali kona,
wa kulia ukabaki na shauri lake,
na katikati yao kitu kikasema tap,
sauti ndogo, ya kifungo kikiachana na shati.
Hakuna aliyesikia ila mimi.

Daktari alichuna kano nyuma ya paja,
akaikunja mara nne, akatoboa mfupa,
akaipitisha humo
kama mtu anayetia kamba kwenye suruali ya kulalia.
Paja limelikopesha goti.
Usiku wanadaiana,
nami katikati, mdhamini asiye na senti.

Sasa ni Aprili, Aviemore. Dirisha langu
linatazama maegesho ya duka, na nyuma ya maegesho
mlima unakwisha weupe taratibu,
kama kipande cha sabuni mkononi mwa mtu mwenye haraka.
Kila asubuhi naukagua. Subiri, nauambia.
Hausubiri.

Catriona wa mazoezi ya viungo ana vidole vya baridi
na kipimo cha plastiki.
"Sabini na nne," anasema.
Nyuzi sabini na nne. Nalipenda neno hilo:
nyuzi zilizonishona, nyuzi ninazopimwa nazo.
Anataka tisini kabla ya mwezi kuisha.
Tisini ni kukaa kitini kama watu.
Sijida inataka zaidi, zaidi sana.
Hilo sijamwambia.
Msala wangu umekunjwa nyuma ya mlango,
skii zimeuegemea,
vyote viwili vinanidai goti.

Inua mguu, shikilia, shusha. Mara kumi na sita.
Nahesabu kama mwalimu alivyotuhesabisha mizani:
nane, pumua, nane.

*Goti langu usigome, kunjika upate shuka,*
*Maumivu yaniume, hadi jasho kunitoka,*
*Paja nawe usiseme, deni lako litafika,*
*Nateleza nisimame, si kwamba nimeanguka.*

Ubeti mmoja, marudio sitini na nne.
Mpangaji wa chini, Farquhar, aligonga dari kwa ufagio.
Kesho yake akapanda na mfuko wa njegere za friji:
zilipoza goti lake, sasa zipoze langu.
Tunazigawana, Jumatatu kwake, Jumanne kwangu.
Njegere hizo hakuna atakayezila.

Alhamisi: themanini na nane.
"Tuseme tisini," Catriona ananikonyeza.
La, andika themanini na nane.
Mbili nitazileta mwenyewe.

Jioni nakaa chini, mgongo ukutani,
soksi ya sufi juu ya mfuko wa plastiki,
kisigino nakivuta kuelekea kwangu,
kidogo, kinakwama, kidogo tena.
Nje vipande vya theluji vinaangukia magari
na kuyeyuka kabla ya kuhesabika.
Simu. Shangazi.
Uko wapi, mbona unahema?
Niko sakafuni.
Ya Rabi! Unafanya nini sakafuni?
Nateleza, shangazi.
Kimya. Namsikia akitafuta la kusema.
Haya, anasema mwishowe.
Teleza.