Kifurushi Nambari 4417

Walihesabu mabasi kwanza.
Mia mbili na kumi na mawili, pamoja na lile bovu
lililoegeshwa Changamwe tangu injini ilipofia Voi.
Wakahesabu madeni, magurudumu, viti vya ofisi,
wakatuhesabu na sisi, majina matatu matatu.
Kijana wa kompyuta akauliza, "Na hiki?"
Nikamwambia: hicho si chetu.

Miaka thelathini na mmoja niko dirisha hili la Mwembe Tayari,
ubao wake umelika kwa viwiko vya watu.
Nilimkuta Bwana Bakhit na gari moja,
bodi yake waligonga makalasinga wa Shimanzi,
likingoja kivuko cha Kilifi nusu siku,
na yeye mwenyewe ndiye utingo, akipiga bati ubavuni
mpaka kiganja kikaota sugu.
Akaliita Amana.
Abiria ni amana, alisema. Na kuku wa abiria pia.

Halafu, upesi kuliko nilivyoweza kujifunza mihuri:
Lungalunga, Tanga, Dar es Salaam.
Kampala. Madereva wakirudi na ndizi ndefu kama mkono.
Tunduma, mpaka Lusaka,
nikawa napokea simu za lafudhi nisizozijua
zikiuliza sanduku la mama fulani limefika wapi,
nami nikijua. Hicho ndicho nilichokijua duniani.
Bakhit akafa. Aliacha wana wanne na wakili mmoja.

Ndipo wakaja wale wenye treni kwao, na tramu, na feri,
waliokwisha kumeza kampuni tatu kabla ya kutusikia.
Hatuwanunui, walisema, tunaungana.
Mkutano ulikuwa hoteli ya Nyali, juisi ya ukwaju kwenye bilauri za shina refu,
na neno walilolipenda ni ndoa.
Nikauliza, na Mola anisamehe, kwa sauti:
posa ililetwa lini? Kungwi ni nani?
Na bibi arusi ni yupi, maana kwetu
hata bibi arusi habadili jina la babake.
Wakacheka. Mmoja akaniandika mahali.

Jina jipya ni Ovanta.
Halina maana kwa lugha yoyote, walitueleza kwa fahari;
wamelipa watu kuhakikisha.

Siku ya mwisho Famau, dereva wa Tanga, mtu asiye na maneno,
alipanda juu ya kreti ya soda:

*Jina letu limekwenda, halina wa kulizika,*
*Lilisafiri na tunda, na barua, na sadaka,*
*Horohoro na Uganda, Tunduma hata Lusaka,*
*Leo limebaki chanda, pete yake imetoka.*

Tukapiga makofi, kisha tukaenda kupanga foleni ya sare.
Yangu inanibana kwapani.

Sasa hiki.
Kipande cha leso, kamba ya katani, mwandiko wangu:
*Kutoka Nyevu, Jomvu. Kwenda Fundi Chambuso,*
*karibu na mashine ya kusaga, Muheza.*
Kimekwenda na kurudi mara mbili.
Ukikitikisa kinalia kama vifungo. Sijakifungua.
Mashine mpya haikitambui, inataka nambari ya mtaa,
na mashine ya kusaga haina nambari.
Mkataba una kurasa mia tatu na kitu. Nimeuliza. Hakimo.
Amana haipo tena, Ovanta haikukipokea,
basi aliyekipokea ni nani?
Mimi. Tarehe ipo. Sahihi ipo: Barke.

Kesho sina zamu.
Nimepanga foleni mbele ya dirisha langu mwenyewe,
nikaona jinsi lilivyo juu, jinsi mtu anavyolazimika kuinua kidevu.
Binti mgeni akaniuliza niendako, akaniuliza mizigo.
Mmoja, nikamwambia.
"Una thamani gani?"
Andika sijui.
Akasema hapaandikiki hivyo.
Akasubiri, kidole hewani, nyuma yangu watu wakiguna.
Kisha akaandika sifuri,
akanipa kiti cha dirishani.