Ukimya wa Pampu

Baba alilala ubavuni mwa pampu miaka kumi na tisa,
bondeni, chini ya Newala, ndani ya kibanda cha makuti
kilichotetemeka usiku kucha kama meno ya mwenye homa.
Dizeli ikinguruma, yeye akikoroma.
Maji yalipanda mlima, watu wa juu wakajaza madumu,
na hakuna aliyeuliza jina lake.

Akaja mtu, hajulikani mpaka leo,
akamimina sukari kwenye tanki la mafuta.
Baba hakusikia nyayo. Hakuona tochi.
Kilichomwamsha ni ukimya.

Nimelikumbuka hilo saa nane za usiku, maabara,
mbele yangu kikopo cha Bi Somoe Nampunju
na kipimo kimoja kilichobaki, kinachoisha muda mwezi huu.
Jembe lilimkata mguu akipalilia mikorosho.
Akanunua vidonge dukani, vile vya rangi mbili,
vya siku tatu, kisha vya siku tano, kisha vya jirani.
Kidonda kikafunga. Tumbo likafunguka.
Vidonge vilifagia uwanja mzima, wema kwa wabaya;
akasalia mmoja aliyejikunyata ndani ya ganda lake.
Akachungulia, akakuta nyumba haina watu,
akainjika chungu cha sumu.

Sumu yake haibishi hodi.
Inapenya ndani ya seli, inaitafuta injini ndogo
inayozifanya kuta zisimame,
inaitia sukari.

Na hapo ndipo wewe,
ambaye bado sijakupatia jina la Kiswahili
(vitabu vinakuita pirini; wanasema ni neno la moto, la Kiyunani),
wewe uliyelala kwa sababu injini inanguruma,
mkono wako umeshikwa na mlezi asiyebanduka,
unaachiwa. Unaamka.
Humjui mwizi. Hujapata kuuona uso wake.
Sumu huinusi, huionji.
Unajua hili tu: palikuwa na mngurumo,
sasa hapana.

Baba hakuwa na simu. Filimbi ilishapasuka.
Akatoa kibiriti, akakichoma kibanda chake mwenyewe:
mkeka, koti la mvua,
redio aliyoinunua kwa magunia mawili ya korosho.
Wa juu wakauona moto, wakateremka na mapanga.

Nawe ndivyo ufanyavyo. Unawaita wenzako, mnashikana,
mnatoboa kuta za nyumba yenu,
seli inapasuka, habari inamwagika kwenye damu,
askari wanateremka,
na Bi Somoe anatetemeka chini ya khanga tatu.
Binti yake ananiuliza, "Mbona anaungua hivi?"
Nikamjibu, "Kuna mtu amechoma kibanda."
Akanitazama kama mlevi.
Nikaandika majibu, nikampelekea daktari wa zamu.

Idara ilimkata baba mshahara miezi minne.
Kwenye barua waliandika: uharibifu wa mali ya umma.
Anayo bado, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kitambulisho.

Sasa ana miaka sabini na sita, anaishi kwangu.
Umeme ukikatika, feni ikinyamaza,
anaruka kitandani, anapapasa kutafuta kibiriti.
Hakuna mwizi, baba. Hakuna sukari. Ni mgao tu.

Nimesoma kwamba kuna watu huzaliwa nawe ukiwa mwepesi mno,
unawawashia moto pasipo kisa,
wanaungua tumbo na viungo siku mbili, siku tatu,
wanapoa, wanaungua tena.
Sijui nani huwalipia makuti.

Vibiriti nimevificha juu ya kabati.
Naketi ukingoni mwa kitanda gizani,
naushika mkono wake kwa mikono yangu miwili,
nanguruma kooni, polepole, kama dizeli,
mpaka alale.