Mkono wa Ndani

Mize kaniamsha kabla ya adhana:
"Baba, Andazi analia kwa pua."

Andazi ni sungura. Jina alipewa
siku aliyofika kutoka Konde, kikapuni,
mviringo, kahawia, kama katoka karaini sasa hivi.
Mimi ni fundi baiskeli, Limbani, hapa Wete.
Mpira unaovuja naujua:
unauzamisha kwenye beseni, unangoja povu,
tobo linajitaja lenyewe.
Sungura humzamishi.

Nikamgusa pua kwa kidole chenye grisi,
nikasema, ni umande, mwanangu, ni masika,
hata ukuta unatoka jasho.
Na ukuta kweli ulikuwa unatoka jasho.
Akanitazama kama mtu aliyebandikwa kiraka kibovu.

Saa nne tukamfunga kwenye keria, ndani ya boksi la sabuni,
mpaka kwa Bi Saumu wa mifugo,
mjamzito, anatafuna embe bichi kwa chumvi.
Hakuigusa pua. Aliitazama tu inavyocheza.
"Hii haitulii," akasema. "Ikienda mbio, kasikia jambo.
Ikienda polepole, roho yake imetua.
Unyevu kidogo ni wake, kama mdomo wa aliyetoka kunywa maji.
Yakiwa maji matupu, yanakuja yanakwenda,
pengine joto, pengine vumbi.
Yakiwa mazito, meupe au manjano, na chafya juu yake,
hayo mafua, na mafua ya sungura
si ya kunywa tangawizi ukalala."

Kisha akaweka embe chini, akanawa,
akaushika mkono wa mbele, akaugeuza.
"Yeye hana leso.
Pua ataipangusa mpaka wewe usione kitu.
Anapangusia huku, kwa ndani.
Ukitaka kujua tangu lini, usiiulize pua."

Manyoya yamegandana,
yamekauka vishungi vishungi,
kama brashi ya gundi niliyosahau kuiosha.
Si ya leo haya, akasema.

Analalia nini?
Unga wa mbao, nikamjibu, wa bure, kwa fundi Shaame.
Banda linanuka?
Nikasema sijui, pua yangu ilikwisha zamani kwa gundi ya viraka.
Mize, chini chini: "Linachoma macho."
Kumbe alishaniambia.
Alishaniambia macho yanamchoma, akitoka bandani,
nikamwambia akanawe.

Tukapewa dawa, na bomba lisilo sindano.
Unga wa mbao nikaumwaga wote,
nikatandika nyasi kavu, nikasugua mkojo wa wiki mbili,
na mara hii hata mimi niliusikia.

Usiku nikafua.
Mama yake yuko Maskati, mwezi wa nane huu,
analea watoto wa watu.
Hupiga simu Ijumaa. Mize hucheka,
humwambia kashika namba tatu kwa hesabu,
humwambia Andazi kanenepa,
hunirudishia simu ingali na joto la shavu.

Kanzu ya shule, ya mikono mirefu.
Mwezi wa nane naifua gizani, haraka haraka,
nasugua kola, nasugua pindo lenye tope.
Safari hii niliigeuza.
Mkono wa kulia, kwa chini, karibu na kifungo:
kitambaa kigumu,
kimekauka, kimekunjamana,
kimelowa kikakauka kikalowa tena.

Sabuni iliniteleza ikaingia ndooni.
Sikuitafuta.

Alfajiri nikamkuta bandani, kachutama,
tochi ya simu kaifunika kwa kanga isimuumize mtu macho.
Nikachutama naye. Magoti yangu yakalia.
Pua ya Andazi ikaenda mbio, kwa ajili yangu,
halafu, baada ya kitambo, polepole kidogo.

"Vipi?"
"Bado majimaji. Lakini meupe."
Nikauangalia mkono wake, kauficha mapajani.
"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akadhani naulizia sungura.
Akaanza kuhesabu kwa vidole.