Pampu Mbili za Vesely

Saa kumi na moja alfajiri, Novemba.
Kituo cha ushirika cha Vesely kina taa moja inayopepesa,
na upepo wa Nebraska unanipekua mifuko
kama askari wa forodha.

Mipira miwili inaning'inia mbele yangu.
Mweusi: petroli tupu, bei ya kukutoa jasho kwenye baridi hii.
Wa manjano: katika kila sehemu mia, kumi na tano ni mahindi,
na kila galoni imepungua senti sitini na mbili.
Nina dola ishirini na nane hadi Ijumaa.
Hesabu naijua. Hesabu siyo shida.

Shida ni wewe,
pikapu ya mwaka themanini na tisa,
uliyerudi sifuri mara mbili,
odometa yako ikiishiwa nafasi na kuanza upya
kama mlevi aliyeokoka.
Leo unasoma elfu themanini na sita, mia nne na kumi na mbili,
uso mkavu,
unanidanganya mimi niliyekuwepo.

Lavern Hruska, fundi, alijifuta mikono kwenye ovaroli
akasema: "Ile ni pombe, Ardith.
Itaingia tangini, isugue uchafu wa miaka thelathini,
iuburute wote hadi kwenye kichujio.
Na mipira yako ya zamani haikuzaliwa kunywa.
Italainika, itapasuka, utalala njiani."
Kisha akachungulia injini, akanong'ona
kama daktari nje ya wodi:
"Gari la umri huu, uchafu mwingine
ndio unaoliziba lisivuje."

Mpwa wangu Tanner akacheka.
"Shangazi, mtaa mzima unatia hiyo hiyo.
Lavern angali anaogopa hata maikrowevu."

Nami nimevaa kofia ya kiwanda cha ethanoli.
Walinigawia Oktoba, nilipopeleka lori la kumi na moja,
mahindi ya shamba la kaskazini, yaliyoponea mvua ya mawe.
Kiwanda kile kinanuka kama unga unaoumuka;
siku za upepo wa magharibi naamka nikidhani mama anaoka.
Ada ya Tanner ilitoka huko. Bati la ghala lilitoka huko.
Jiwe la kaburi la Emil, pia.
Sasa nasimama hapa kama mpishi
aliyewapakulia watu chungu kizima
na mwenyewe anatafuna mkate mkavu mlangoni.

Emil alipokufa, dada zake walikuja na ndoo.
Walitaka kuosha: kabati, buti, kikombe chenye weusi wa kahawa.
Nikawaachia waoshe.
Siku tatu nyumba ilinuka limau,
nami nikapita vyumbani nikishika kuta
kama mgonjwa anayejifunza kutembea.

Humu ndani yako hawakufika.
Chini ya kiti mna risiti zake, bisibisi isiyo na mpini,
maganda ya alizeti aliyotema
akibishana na redio juu ya bei ya soya.

Nikashika mpira wa manjano. Nikauinua.
Tone moja likaangukia buti, baridi, tamu puani,
na nikajua ni langu, nililipanda mimi.
Nikaliacha likauke lenyewe.
Nikaurudisha.

Galoni saba za mweusi. Zikabaki senti saba.

Sisemi Lavern ana haki.
Mwakani, huenda, nikishabadilisha mipira na kichujio,
nitakuonjesha kidogo, kijiko cha mgonjwa.
Huenda pia nisifanye hivyo.

Nikageuza ufunguo. Ukakohoa. Ukakohoa.
Ya tatu ukakubali,
na odometa ikasogea tarakimu moja,
tukielekea kiwandani
kudai pesa za mahindi.